Andika Siku Mkono Ulipolegea

Katika darasa la kisomo mwalimu akiuliza swali, mwenye jibu hunyoosha mkono. Ndivyo tulivyozoea.

Mwaka juzi nilitembelea darasa moja katika kijiji kilicho kando ya barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo. Wanakisomo walikuwa wamekaa chini ya mwembe. Mwalimu aliandika hesabu ubaoni. Nyuma kabisa alikaa baba mmoja wa makamo. Kila swali alilijibu kwa sauti ndogo, na majibu yake yalikuwa sahihi. Lakini hakunyoosha mkono hata mara moja. Mimi nikamwambia mbele ya wenzake, "Baba, hapa hatujibu kwa kunong'ona. Nyoosha mkono."

Darasa likanyamaza. Kisha mama mmoja akasema, "Bwana Afisa, mkono wake hauinuki."

Niliona haya. Baada ya somo nilimwomba radhi, naye akanieleza habari zake. Alikuwa mchukuzi wa magunia ya nazi. Siku moja alipanda bodaboda, ikateleza kwenye mchanga. Aliangukia bega la kulia, na kichwa chake kikapinda upande wa kushoto. Alipelekwa kupigwa picha ya eksirei. Akaambiwa kwamba mfupa ni mzima. Akafurahi, akarudi nyumbani.

Mkono ulikuwa umelegea, lakini yeye alijua kwamba mfupa ni mzima. Basi akafungwa kanga shingoni, akasubiri. Alikandwa kwa maji ya moto na mafuta ya nazi. Majirani wengine wakasema ametupiwa kitu. Wengine wakasema ni uvivu, hataki kubeba magunia. Miezi ikapita. Bega likakonda mpaka mfupa ukaonekana.

Alipofika hospitali kubwa, daktari alimwuliza, "Uliumia lini?" Yeye akasema ilikuwa wakati wa maembe. Mkewe akasema hapana, maembe yalikuwa yamekwisha, ulikuwa mwezi wa mfungo. Wakabishana, wakahesabu kwa vidole, wakakubaliana kwamba ni kama miezi tisa. Daktari akawaambia kwamba muda mzuri wa kuiunga mishipa ya fahamu umekwisha pita.

Ndugu msomaji, tangu siku ile nina maoni yangu, nayo ndiyo nataka kukueleza. Mkono uliolegea una siku zake. Mwenye kuzihesabu siku hizo huweza kuuokoa mkono. Asiyezihesabu huupoteza, hata kama dawa na madaktari wapo. Kwa hiyo mtu akiumia bega na mkono ukakosa nguvu, kazi ya kwanza ya mtu anayejua kusoma na kuandika ni kuandika tarehe.

BEGA LIMEUNGWAJE?

Tuanze kwa kulijua bega lenyewe. Bega lina mifupa mitatu. Kuna mtulinga, ule mfupa unaoonekana chini ya shingo. Kuna fupa la bega, ambalo ni bapa na liko mgongoni. Na kuna mfupa wa mkono wa juu.

Mfupa wa paja umekaa ndani ya nyonga kama mchi ndani ya kinu. Bega halina kinu. Kichwa cha mfupa wa mkono kimeegemea kitu kama kisahani kidogo. Ndiyo maana mkono unaweza kwenda juu, nyuma na kando kuliko mguu. Ndiyo maana pia bega huteguka upesi kuliko nyonga. Linaloshika bega lisitoke ni misuli na kano zake.

Misuli hiyo haifanyi kazi bila kuamriwa. Amri hutoka kwenye ubongo, hupita katika uti wa mgongo, kisha hufuata mishipa ya fahamu. Usiichanganye mishipa hii na mishipa ya damu. Mishipa ya fahamu ndiyo inayobeba amri na hisia. Mizizi mitano mikubwa ya mishipa ya fahamu ya mkono hutoka shingoni, hupita chini ya mtulinga, huingia kwapani, kisha hugawanyika kwenda begani, kwenye kiwiko na vidoleni.

Sasa fikiri juu ya yule baba. Kichwa kilikwenda upande huu na bega likaenda upande ule. Mishipa iliyo katikati ilivutwa kama kamba ya juya inayovutwa na watu wa pande mbili. Kamba ikivutwa kidogo, itarudi. Ikivutwa sana, itakatika. Ikivutwa zaidi, itang'oka pale ilipofungwa. Mishipa ya fahamu nayo ni hivyo hivyo. Iliyovutwa kidogo hupona yenyewe kwa wiki au miezi. Iliyokatika inahitaji daktari bingwa. Iliyong'oka kwenye mzizi haiwezi kurudishwa ilipokuwa, ingawa daktari anaweza kuazima mshipa mwingine ili kufanya kazi yake.

Na jambo hili ulishike sana: picha ya eksirei huonyesha mfupa. Haionyeshi mishipa ya fahamu. Ukiambiwa mfupa ni mzima, hujaambiwa kwamba mkono ni mzima. Uliza tena, "Je, na huu ulegevu unatoka wapi?" Kuuliza si utovu wa adabu.

TUFANYE HESABU

Mshipa wa fahamu ukiungwa, huota upya kutoka pale ulipoungwa kwenda chini. Lakini huota polepole sana, kama milimita moja kwa siku. Chukua rula ya darasani uitazame milimita moja. Ni ndogo kuliko punje ya mchele.

Kutoka shingoni mpaka kwenye msuli unaokunja kiwiko ni kama sentimita 25, yaani milimita 250. Kwa hiyo mshipa utahitaji kama siku 250 kufika, ambazo ni zaidi ya miezi 8.

Msuli nao haungoji milele. Msuli uliokosa amri hukonda siku hata siku. Baada ya kama mwaka mmoja au mwaka mmoja na nusu, huwa umekufa kiasi kwamba hata mshipa ukifika hautaamka.

Sasa jumlisha. Mtu wa kwanza amefanyiwa upasuaji miezi 3 baada ya kuumia. Miezi 3 na miezi 8 ni miezi 11. Mshipa utaukuta msuli ungali hai. Mtu wa pili amefanyiwa upasuaji miezi 9 baada ya kuumia. Miezi 9 na miezi 8 ni miezi 17. Mshipa huenda ukafika kwenye msuli usioweza tena kuamka. Ndiyo maana madaktari wengi hutaka upasuaji wa namna hii ufanyike katika miezi 3 hadi 6 ya kwanza. Tena miezi hiyo ni ya upasuaji wenyewe. Safari ya hospitali yapasa kuanza mapema zaidi, siku zile zile za kuumia.

Hesabu hii haihitaji chuo. Ni ya kujumlisha tu, nawe unaiweza. Lakini bila tarehe ya kuanzia huwezi kuipiga. "Wakati wa maembe" si tarehe.

MAMBO MATATU YANAYOFANANA

Si kila bega gumu lina ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Yapo mambo matatu ambayo watu huyachanganya.

Kwanza ni bega lililoganda. Mwenyewe hawezi kuinua mkono, na mtu mwingine akijaribu kumwinulia pia haendi mbali, kwa sababu kiungo chenyewe kimekaza. Huja polepole pamoja na maumivu, hasa usiku. Huwapata zaidi watu wenye umri wa miaka 40 hadi 60, na wenye kisukari zaidi ya wengine. Mtu wa namna hii apimwe kisukari.

Pili ni kano iliyochanika. Mwenyewe hawezi kuinua, au huinua kwa maumivu makali, lakini mwingine akimwinulia polepole mkono unapanda. Wakwezi wa minazi na wavuvi wenye umri mkubwa wanaijua hali hii.

Tatu ni mshipa wa fahamu. Mkono unakosa nguvu, mara nyingi pamoja na ganzi au kuchoma kama moto. Mwingine akiuinua unapanda, akiuachia unaanguka. Baada ya wiki kadhaa msuli unaanza kukonda.

Usimjaribu hivyo mtu aliyeanguka leo, kwa kuwa huenda amevunjika. Mfunge mkono usitikisike, umpeleke hospitali.

Liko jambo jingine la hatari. Mkono ukilegea ghafla bila kuanguka, na mdomo ukaenda upande au maneno yakawa mazito, hicho huenda ni kiharusi. Hapo usihesabu siku, hesabu dakika. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile.

MZIGO NA MTOTO

Mishipa ya bega haiumizwi na pikipiki peke yake. Mzigo mzito unaokaa begani kila siku huibana pia. Mtu aliyebanwa hivyo, akisukuma ukuta kwa mikono miwili, fupa lake la bega hutokeza mgongoni kama ubawa wa ndege. Mchukuzi akiona hivyo aache kubeba begani, aende akapimwe. Akipumzika mapema, mara nyingi mshipa uliobanwa tu hupona.

Watoto nao huumia siku ya kuzaliwa. Mtoto mkubwa anaweza kutoka kichwa, bega likakwama. Kichwa kikivutwa kwa nguvu, mishipa ya shingoni huvutika, na mtoto huzaliwa na mkono mmoja unaoning'inia. Mama, usiambiwe kwamba uliangalia kitu kibaya ulipokuwa mjamzito. Wengi wa watoto hawa hupata nafuu wenyewe katika miezi ya kwanza. Lakini mtoto akifika miezi 3 naye bado hawezi kukunja kiwiko, apelekwe kwa daktari bingwa bila kukawia. Tarehe ya kuanzia hapa inajulikana vizuri, maana imeandikwa katika kadi ya kliniki.

SISI WATU WA BAGAMOYO TUNAYAJUA MABEGA

Mji wetu ulijengwa kwa mabega. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya kama kilo 30 kila mmoja, siku baada ya siku, na pembe za ndovu zililala mabegani mwao. Wako wazee wanaosema jina la mji lilitokana na kubwaga moyo, mpagazi alipoona bahari na kujua mzigo utatuliwa. Vitabu vinataja bei za pembe na majina ya wenye misafara. Mabega ya wapagazi yaliyoharibika hayakuandikwa sana.

Lakini bega moja liliandikwa, nalo lilipita hapa hapa. Mwaka 1844, huko kusini mwa Afrika, mmisionari David Livingstone aliumwa na simba. Mfupa wa mkono wake wa kushoto ulivunjika karibu na bega. Alikuwa amesomea udaktari, lakini alikuwa mbali na hospitali. Mfupa haukuunga sawasawa, na tangu hapo hakuweza kuuinua vizuri mkono ule. Aliishi nao hivyo kwa karibu miaka 30. Alipokufa mwaka 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo. Walifika Februari 1874, na mwili ukalazwa katika misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu. Ulipofikishwa London, daktari aliutambua kwa alama ile ile ya mfupa wa mkono.

Nakueleza habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, jeraha lisilotibiwa vizuri siku zake za mwanzo humfuata mtu mpaka kaburini, awe mkubwa au mdogo, hata akiwa ni daktari. Pili, mtu yule alifanya kazi zake miaka yote ile na mkono dhaifu, na hakuna aliyemwita mvivu. Basi kwa nini sisi tumwite mvivu mchukuzi wa nazi?

"NAULI SINA"

Najua utasema, "Bwana Afisa, maneno yako ni mazuri, lakini nauli sina, na matibabu yana gharama." Usemi huo ni wa kweli, wala sitaupuuza. Kutoka vijiji vya Saadani au Makurunge mpaka Dar es Salaam si safari ndogo. Mtu anayeishi kwa kibarua cha leo anaogopa kuacha kibarua cha kesho.

Lakini hebu tuulize pia gharama ya kungoja. Yule baba alilipa mkandaji. Alilipa mganga wa kupunga. Aliuza mbuzi wawili. Kisha akapoteza kazi, maana hakuna anayempa gunia mtu wa mkono mmoja. Nauli ambayo hakuwa nayo ilikuwa ndogo kuliko hayo yote.

Maoni yangu ni kwamba jambo hili lisiachiwe mgonjwa peke yake. Tunachangia harusi, na tunachangia mazishi. Tuchangie pia safari ya mkono ungali unaweza kuokolewa. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa viwe na fungu dogo la safari ya hospitali. Watumishi wa zahanati nao nawaomba jambo moja: mtu aliyeangukia bega apimwe nguvu za mkono, si mfupa tu, na barua yake ya rufaa itaje wazi kwamba mkono hauinuki. Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo ipo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa mwaka 1996, inashughulika na mifupa na mishipa ya fahamu. Hospitali ya CCBRT iko Msasani. Njia imo, tatizo letu ni kuchelewa kuishika.

Kwa wakandaji nasema hivi kwa heshima. Mikono yenu inasaidia misuli iliyochoka. Lakini mkono uliolegea baada ya kuanguka msiuvute wala msiukande. Mwambieni mgonjwa atangulie hospitali. Mkandaji akisema hivyo, atasikilizwa kuliko mimi.

UFANYE NINI?

1. Andika tarehe ya kuumia siku ile ile. Andika ukutani kwa mkaa kama huna daftari.

2. Mfunge mgonjwa mkono kwa kanga, umpeleke kwenye tiba. Usiuvute mkono.

3. Kila wiki andika kinachowezekana: je, anakunja kiwiko? Anainua bega? Anahisi ukimgusa kidole? Daktari atakushukuru kwa karatasi hiyo kuliko kwa maneno mengi.

4. Nguvu zisiporudi katika wiki tatu au nne, rudi hospitali uombe rufaa, hata kama uliambiwa mfupa ni mzima.

5. Daktari akikubali, msaidie mgonjwa kuusogeza mkono polepole kila siku, kwa mkono wake mzima au kwa mkono wako. Mkono uliofungwa kanga miezi mingi huganda, na hapo unakuwa na maradhi mawili badala ya moja.

6. Linda mkono wenye ganzi na moto na visu. Hauwezi kujilinda wenyewe.

MWISHO

Yule baba bado yumo darasani. Hospitali walimfundisha mazoezi, na bega lake halijaganda. Vidole vyake vina nguvu kidogo. Mkono wake wa kulia haujainuka. Amejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na herufi zake zinalala kidogo lakini zinasomeka. Mwalimu amempa kazi ya kuandika tarehe ubaoni kila siku kabla ya somo. Anapotaka kujibu husimama wima. Wala hakuna anayemwambia anyooshe mkono.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, kijijini kwenu yuko mtu ambaye mkono wake umelegea? Ulilegea lini? Alipelekwa wapi kwanza?

2. Kwa nini picha ya eksirei haitoshi kumwambia mtu kwamba mkono wake ni mzima?

3. Mshipa huota milimita 1 kwa siku. Je, utahitaji siku ngapi kuota sentimita 30?

4. Kikundi chenu kinaweza kufanya nini ili mgonjwa apate nauli mapema?

5. Pima kwa rula umbali kutoka shingoni kwako mpaka kwenye kiwiko. Andika jibu, kisha andika tarehe ya leo.